Upande wa Ndani wa Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la kazi, si langu. Mkaguzi wa kiwanda cha maziwa ametugawia leo, moja mimi, moja kaka yangu. Kila kiungo tutakachochomelea tukiandike: namba yake, saa tuliyofungulia gesi, saa tuliyowasha moto, na rangi tuliyoiona ndani. "Ndani," akarudia, kama vile sisi viziwi. Kurasa za mbele nitaandika viungo. Za nyuma nitaandika mengine, maana daftari ni nene na viungo vyenyewe ni arobaini na kidogo.

Mkaguzi tumeshambandika jina: Mama Tochi. Ni mfupi, viatu vyeupe vya mpira, tochi ndogo inaning'inia shingoni kama mkufu. Ana kamera ya waya anayoipitisha ndani ya bomba mpaka mwisho. Atakuja nayo tarehe 24. Simpendi bado.

Kazi ni kubadilisha mabomba yote ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kuanzia matangi ya kupokelea maziwa hadi kwenye mtambo wa kuyachemshia. Meneja anataka iishe kabla mvua haijakolea. Mvua ikikolea majani yanaota, ng'ombe wanashiba, na maziwa yanaletwa mpaka yanakosa pa kuwekwa.

Kaka amechukua njia ndefu, ile inayopita juu karibu na paa. Mimi njia fupi ya chini. Kipima oksijeni tunacho kimoja tu, akanipa mimi. "Chukua wewe. Mimi nina macho."

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu ameniuliza kwa nini tunanunua gesi nyingi hivyo kwa kazi ndogo. Yeye ni fundi cherehani, anajua nyuzi na pasi. Nikamweleza. Ukichomelea stenlesi, upande wa nje unalindwa na gesi inayotoka kwenye mkono wa mashine. Lakini joto linapenya mpaka upande wa pili, na huko kuna hewa. Stenlesi yenye moto ikikutana na hewa inaungua. Inavimba, inakuwa nyeusi, inatoa chembechembe kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Kwenye geti la nyumba hakuna atakayejali. Kwenye bomba la maziwa, zile chembechembe ni vyumba vya kulala vya vijidudu. Unaosha asubuhi na jioni, hawatoki. Kwa hiyo unaziba bomba kwa vizibo vya sponji huku na huku ya kiungo, unaingiza gesi ya agoni kwa chini maana ni nzito kuliko hewa, hewa inasukumwa itoke kwenye kitundu cha juu, nawe unasubiri. Kusubiri ndiyo kazi. Kuchomelea kwenyewe ni dakika chache.

"Kumbe na nyie mnahukumiwa kwa pindo la ndani," akasema. "Wale wateja wangu wasumbufu nao, kabla hawajasema asante, wanaligeuza gauni."

Ijumaa, 7 Machi

Viungo vinne. Vyote fedha ndani, hata manjano ya hewa kidogo hakuna. Mgongo unauma.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa nne asubuhi, bila radi wala upepo, kama mtu aliyeingia zamu. Mabati yakapiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa mikono.

Nilipanda kwenye jukwaa kumpelekea kaka utepe wa kuzibia viungo. Nikamkuta anapima gesi kwa kiberiti. Anaweka mwali kwenye kitundu cha kutokea hewa, ukizimika anashusha kofia yake ya kuchomelea, anachomelea. Ndivyo alivyonifundisha zamani, tulipokuwa tunatengeneza masinki na mabomba ya moshi. Lakini mwali unazimika hewa ikiwa bado tele humo ndani. Nimeshajaribu mwenyewe: kiberiti kilizimika, kipima kikasoma asilimia kumi na tano. Mimi siwashi moto mpaka kishuke chini ya sehemu moja ya mia ya asilimia moja.

"Kaka, nikuletee kipima?"

"Kwani hicho ndicho kilichonifundisha kazi?"

"Hapana, ila…"

"Basi shuka. Utepe umeshauleta."

Hakusema kwa ukali. Na kwa nje mishono yake ni mizuri kuliko yangu, lazima niseme ukweli. Imelala kama magamba ya samaki, hakuna hata moja lililozidi jingine. Huyu ndiye aliyenishikisha mkono wa mashine nikiwa na miaka kumi na tisa, watu wakimuuliza kama wanaume wameisha duniani. Anamaliza viungo haraka kuliko mimi. Meneja akipita chini anamwinulia dole gumba.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa natafuta kipande cha kufanyia jaribio kwenye ndoo ya mabaki. Mkono ukaibuka na kile alichochomelea kaka siku ya kwanza kabla hajaanza kazi. Alikikata katikati, akakielekeza kwenye mwanga, akasema, "Fedha tupu, twende." Siku ile nilikuwa nafunga mitungi, sikukitazama.

Leo nimekitazama. Ndani ni cheusi, kimevimba, kimejaa chembe. Nimekitia mfukoni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Viungo vitatu. Sijasema kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Viungo vinne. Sijasema kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Kaka amefikisha viungo kumi na viwili. Nimevihesabu kutoka chini, shingo ikauma.

Nimekasirika na sijui nimpelekee nani hasira yangu. Alikiona kile kipande. Alikishika mkononi, akasema fedha. Mtu aliyenifukuza karakana siku nzima, miaka ile, kwa sababu nilipaka rangi juu ya mshono mbovu, leo anasema fedha mahali palipo na masizi. Nimejiuliza ni uvivu, au ni kuharakia sifa za meneja, au amezeeka akachoka kubishana na kazi. Nyumbani nimemjibu mume wangu vibaya kwa jambo la chumvi. Akaniangalia tu, akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Tochi amekuja kukagua madaftari. Langu amelisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea. La kaka amelifunua, akalifunga, akalifunua tena.

"Kaka yako ana mwandiko mkubwa," akaniambia.

"Ndivyo alivyo."

"Na kila kiungo ni fedha. Hata kimoja hakina manjano?"

"Ni fundi mzuri," nikasema. Akanitazama kidogo, kisha akatazama juu kwenye jukwaa, akaenda zake. Siku saba mpaka kamera.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimepiga moyo konde. Hapakuwa na ugomvi.

Wakati wa chakula cha mchana nilipanda kwenye jukwaa. Kaka alikuwa ameketi juu ya ndoo, glavu mikononi, anasikiliza mvua. Nikakitoa kile kipande.

"Kaka, hiki ni chako cha siku ya kwanza."

Akakipokea, akakielekeza kwenye dirisha. "Ee. Kimefanya nini?"

"Ndani kina rangi gani?"

"Rangi gani tena? Fedha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Namjua kaka akidanganya: anakuna sikio na kuanza kuzungumzia jambo lingine. Hakukuna sikio. Alisema fedha kama mtu anayetaja siku ya leo. Na macho yake, ndipo nilipoyatazama kwa mara ya kwanza baada ya sijui muda gani, hayakuwa kwenye kile kipande. Yalikuwa pembeni yake kidogo, kama yanakitafuta.

"Vua glavu," nikamwambia. "Pitisha kidole."

Akavua. Kidole gumba kikaingia ndani, kikatembea, kikasimama. Kikarudi, kikatembea tena. Akakitoa, akasugua zile chembe kati ya vidole viwili. Mabati yakawa yanasema peke yake.

"Vingapi?" akauliza.

"Sijui. Sijavitazama ndani. Umeshafanya kumi na sita."

"Kumi na sita," akasema.

"Tangu lini, kaka?"

"Mwaka jana. Kwanza nilidhani kioo cha kofia kimechafuka, nikabadilisha kioo. Nikabadilisha kofia yenyewe. Moto ukiwaka naona vizuri, mkono unajua njia. Moto ukizimika ndipo ukungu unarudi. Kila kitu kinakuwa rangi moja."

"Na kipima?"

"Namba zake kama sisimizi. Nikaona nikupe wewe, nisije nikaulizwa kinasoma ngapi."

Nilishuka nikaenda kusimama mlangoni, nikaiacha mvua inirushie matone usoni. Wiki nzima nimemwita mwongo moyoni mwangu, asubuhi namwamkia kwa heshima, mchana namwita mwongo. Kwa nini sikumwuliza siku ile ile? Kumwuliza kulihitaji sekunde kumi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepitia kwa wifi yangu, mke wa kaka, baada ya kazi. Nimemkuta anapiga pasi. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na habari za watoto. Akaweka pasi chini.

"Umejua," akasema.

"Nimejua jana."

"Afadhali. Nilichoka kuwa peke yangu." Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Alianza kumimina chai nje ya kikombe. Nikanunua vikombe vikubwa. Akawa anamimina nje ya vikombe vikubwa. Nikasema sasa nitanunua beseni?"

Tukacheka, kicheko kibaya kile cha kutoa machozi.

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Alinikataza. Alisema, huyo mdogo wangu akijua, ataanza kunishika mkono kuvuka barabara." Kisha akasema kwamba daktari alishasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji wake si mkubwa. Alipangiwa siku. Kaka hakwenda. Aliogopa, wifi anasema. Hakuogopa kisu. Aliogopa kukaa nyumbani wiki mbili watu wakauliza fundi yuko wapi, wakajibiwa.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikuwa na mpango wangu. Jumapili kiwanda hakina watu, tungevikata viungo vyote kumi na sita, tukavirudia, kamera ingekuja Jumatatu ikute kila kitu shwari. Nikamwambia kaka.

"Siku moja, viungo kumi na sita?"

"Tutaanza alfajiri."

"Na daftari langu? Niandike nini humo? Fedha tena?"

Akachukua daftari lake, akashika chuma cha jukwaa, akashuka ngazi moja moja. Nilinyoosha mkono nimsaidie, nikaurudisha. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha Mama Tochi. Mimi nyuma.

"Mama," akasema, akiwa amesimama, kofia mkononi. "Viungo vyangu vya njia ya juu usiviamini. Nimeviandika fedha, lakini sikuviona. Macho yangu ni mabovu. Nimekwambia kabla hujawasha kamera yako."

Mama Tochi alikuwa anakula ndizi. Akaiweka juu ya karatasi.

"Kaa, fundi."

"Nitasimama."

"Nimesema kaa, shingo itaniuma." Kaka akakaa. Mama Tochi akamtazama. "Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Nimeonyeshwa viungo vibovu vya kila aina. Nimetukanwa, nimeletewa zawadi, kuna mmoja alianguka akajifanya amezimia. Fundi wa kuja mwenyewe, sijampata mpaka leo." Akavuta simu ya mezani. "Sasa tumwite meneja, tusikie kelele."

Kelele zilikuja kweli. "Vivunjwe? Sasa hivi? Maziwa yanamiminika, nitayaweka wapi, kwenye viatu?"

"Ukipenda yapitishe humo humo," Mama Tochi akasema. "Karatasi ya usalama utaitia sahihi wewe. Mimi kalamu yangu imekauka."

Meneja akamtazama, akatutazama, akatupa mpaka tarehe 4 Aprili. Aliondoka akiongea na ukuta. Huyu mama niliyemwona adui, tulipotoka alimshika kaka begani, akauliza hospitali gani, daktari gani, siku gani.

Jumatatu, 24 Machi

Kamera imepita kwenye njia nzima ya juu. Viungo kumi na tatu vibovu, vitatu vizima. Kaka amesema hata vile vitatu hajui vimeponaje, basi vikatwe pamoja na wenzao. Tumevikata. Kila kimoja alikipitishia kidole ndani kabla ya kukitupa.

Jumanne, 25 Machi

Tumegawana kazi upya. Mimi nachomelea, yeye ni wa gesi. Nilidhani ataona haya kunishikia mpira wa gesi mbele ya watu. Asubuhi ananiambia, "Haya fundi, msaidizi wako nipo," na hakuna mzaha ndani yake, au kama upo umekaa mbali.

Viungo viwili tu. Mabomba yana unyevu wa mvua, inabidi kuyafuta na kuyapasha joto kwanza. Unyevu nao unaharibu ndani kama hewa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya siku ya tatu bila kupumzika. Viungo vitatu. Kaka anaweka shavu lake karibu na kitundu cha kutokea hewa, anafumba macho. "Nyingi mno," anasema, "itausukuma mshono nje," anapunguza gesi kwa unywele mmoja. Namtazamia kipima. Kinakubali.

Jumamosi, 29 Machi

Kiungo namba ishirini na saba leo nusura tukipoteze.

Ni kile kilicho kwenye pembe, chini kabisa ya mabati, mahali pa kukaa kwa kujikunja. Kipima kilikuwa kimeshuka vizuri. Nikabandua kipande cha kwanza cha utepe, nikawasha moto, nikaanza kutembea. Kazi yenyewe ni hivyo: unabandua kidogo, unachomelea kidogo, ili gesi isipate pa kukimbilia. Nilikuwa nimefika nusu, dimbwi la moto linanifuata kwa utulivu.

"Simama!" kaka akasema.

Nikazima moto, mkono nikauacha palepale gesi iendelee kutoka. "Nini?"

"Inatoka mahali. Sikiliza."

Mimi nilisikia mvua tu. Mabati yalikuwa yananguruma juu ya kichwa changu. Kipima kilisema shwari. Kaka akawa anapapasa bomba, vidole vikienda polepole kama vya mtu anayetafuta mshipa wa mgonjwa, mpaka chini ya bomba nisipopaona. "Hapa. Utepe umelowa, umeachia." Alipomaliza kusema ndipo namba kwenye kipima zikaanza kupanda. Sifuri nukta sifuri tatu. Sifuri nukta moja. Asilimia moja.

Angechelewa kidogo, ningekuwa nimechomelea nusu nzima juu ya hewa.

Tulifuta, tukabandika utepe mkavu, tukasubiri upya. Dakika ishirini na tano, tumekaa magoti kwa magoti kama watoto waliojificha. Ndipo akaniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba atakwenda hospitali kazi ikiisha. Nikasema vizuri. Akasema, "Na usiniletee matunda." Nikasema sitaleta.

Nikamalizia kiungo. Kilipopoa nilikitazama kwa tochi kupitia mwisho wa bomba. Manjano hafifu upande wa juu, pale moto ulipokatika. Nikaandika hivyo hivyo: manjano hafifu.

Jumatano, 2 Aprili

Viungo vimeisha saa tisa. Nimelala nikiwa na viatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Kamera ilipita njia zote mbili, asubuhi yote. Mama Tochi alitazama mpaka mwisho. Akakunja waya wake taratibu, akafungua fomu.

"Njia ya juu, mchomeleaji nani?"

Nilifungua mdomo nitaje jina la kaka. Karakana ni yake, mitungi ni yake, na ni mdomo uliozoea.

"Andika huyu," kaka akasema, akaninyooshea kidevu. "Mimi niandike msaidizi wa gesi. Kama fomu yako ina nafasi."

"Haina," akasema Mama Tochi. Akachukua rula, akachora mstari mpya chini ya fomu, akaandika.

Jumapili, 6 Aprili

Maziwa yamepita jana. Nilikuwepo. Hakuna cha kuona, bomba ni bomba. Niliweka kiganja nikasikia ubaridi unapita.

Jumanne, 22 Aprili

Jicho la kulia leo. Wifi aliingia naye, mimi nikabaki nje na viatu vyake. Dakika chache tu, akatoka amefungwa kitambaa, amekasirika kwamba ni kidogo kiasi kile. "Nimeogopa mwaka mzima kitu cha dakika chache," akasema. Nilimshika mkono kuvuka barabara. Hakuutoa.

Jumanne, 29 Aprili

Jicho la kushoto. Mvua kubwa. Wifi ameficha vikombe vikubwa.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua, inanyesha tu mchana kidogo kisha inaacha jua. Mama Tochi ametuita kwa ukaguzi wa mwezi wa kwanza. Mabomba yalikuwa yameoshwa, yamekauka. Kaka alivaa miwani yake myeusi ya hospitali, akaivua mlangoni, akaifutia kwenye shati, akaitia mfukoni.

Tulisimama watatu mbele ya kioo kidogo cha kamera. Kamera ikaingia kwenye njia ya juu. Kiungo cha kwanza kikaja, duara jeupe la fedha, kikapita. Cha pili. Cha tatu. Kaka aliweka uso karibu na kioo, mikono nyuma. Nilikuwa namtazama yeye zaidi ya nilivyotazama viungo. Macho yake yalikuwa pale pale kiungo kilipo.

Kamera ilipofika kwenye pembe akanyanyua kidole.

"Hiki namba ngapi?"

"Ishirini na saba," nikasema.

"Kina manjano. Hapa juu, kushoto. Kidogo sana, kama chai iliyokosa majani."

Mama Tochi akainama, akatazama. "Kipo ndani ya kiwango, fundi. Hakina tatizo."

"Najua kipo ndani ya kiwango," kaka akasema. "Nasema tu kwamba nimeiona rangi yake."

Mama Tochi akaurudisha waya nyuma kidogo, kiungo kikajaa kwenye kioo, akakiacha hapo ili kaka aendelee kukitazama.